Karata Zinazotupwa

Mgawa karata ndiye anayekusanya kilichokataliwa na meza nzima. Watazamaji wanaosimama nyuma ya kamba huangalia fungu la katikati: nani kasukuma sarafu zake zote, nani kafunua nini, nani kainuka anacheka. Mimi, kwa miaka 11 niliyogawa poka Las Vegas, niliangalia zaidi pale chini ya kiganja changu, zinapotua karata ambazo wenyewe wamezikataa. Meza ina watu tisa. Nikigawa mbilimbili, mara nyingi watu sita hunirudishia zao kabla sijafunua hata karata moja ya wazi. Zinakuja zikiteleza juu ya kitambaa, kifudifudi, nami nazipokea bila kuziona. Ndani ya rundo hilo ndimo ilimo kazi ya mtu anayekula kwa poka, na kwa kuwa hakuna anayelitazama, nimeona nilisimulie.

Mimi ni mtoto wa Tanga, wa Ngamiani. Karata nilizishika kabla sijashika kalamu. Barazani kwa jirani yetu wazee walicheza kila jioni, sisi watoto tumejibanza nyuma yao, marufuku kusema neno. Huko ndiko nilikojua kopa, shupaza, uru na pao, nikajua ree, nikajua kwamba kuna kulamba dume na kuna kulamba garasa. Aliyelamba dume aliipiga karata kwa kishindo mkekani. Aliyelamba garasa alinuna. Nilikua nikiamini kwamba mchezaji hodari ni yule anayelamba dume mara nyingi kuliko wenzake. Nilipofika Marekani na kukaa kwenye kiti cha mgawaji, nikakuta karata zilezile 52, na watu waliolipia nyumba na kusomesha watoto kwa jinsi wanavyoishi na magarasa. Dume kila mtu anajua kulicheza.

Poka ya Texas ni rahisi kueleza. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza nafunua karata tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha ya mwisho. Kabla na baada ya kila hatua watu huweka dau, huongeza, hulipa, hupisha, au hutupa karata zao na kujitoa. Mwenye tano bora kati ya saba zake huchukua fungu. Lakini wengine wote wakijitoa, aliyebaki huchukua fungu bila kufunua chochote, na mambo mengi ya maana katika mchezo huu hutokea hapo, pasipo mtu kuona karata.

Karata mbili kutoka kwenye 52 zinaweza kupatikana kwa namna 1,326. Ree mbili, ambazo ndizo mwanzo mzuri kuliko wote, ni namna 6 tu kati ya hizo, yaani mara moja katika kila migao 221. Mgawaji mwenye mkono mwepesi hutoa migao kama 30 kwa saa. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa zaidi ya saa saba akisubiri ree mbili zimfikie, na zikimfikia huenda kila mmoja akajitoa, akaokota dola 7 za dau la lazima. Anayesubiri tu bila kufanya lolote huliwa polepole na lile dau la lazima ambalo watu wawili hulipa kila mgao, kwa zamu. Kutupa karata peke yake si ufundi. Ufundi ni kujua ni zipi za kutupa ukiwa umekaa wapi, mbele ya nani, na baada ya nani kusema nini.

Neno hilo "wapi" lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Mbele ya mchezaji mmoja huwekwa kibao cheupe cha duara, nacho husogea kiti kimoja kila mgao. Mwenye kibao ndiye anayesema wa mwisho baada ya karata za wazi kuanza kufunuliwa. Wengine wamekwisha kujieleza: huyu kapisha, yule kaweka dau dogo, mwingine kasita kabla ya kulipa. Yeye anaamua akiwa na habari zao zote, na wao hawana habari yake. Mtu aliyewahi kununua samaki Deep Sea, kwetu Tanga, asubuhi na mapema anajua tofauti ya kutaja bei wa kwanza na kutaja wa mwisho. Hodari wa poka, akiwa na kibao, atacheza karata ambazo viti vitatu nyuma angezitupa bila kufikiri. Karata ni zilezile. Nilianza kuhesabu kimyakimya, nikaona kwamba wale walioishi kwa mchezo huu walitupa karata takribani mara nne katika kila tano, na ile ya tano mara nyingi iliwakuta karibu na kibao.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyependa kiti cha tatu. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza kama ilivyo desturi ya huko. Mimi moyoni nilimwita Mzee. Aliingia saa kumi jioni, amekwisha kula. Hakunywa pombe. Alikuwa na daftari dogo lenye jalada jeusi, na kila alipoondoka aliandika mistari miwili. Siku moja meza ikiwa bado haijajaa nilimuuliza anaandika nini. "Saa na fedha," akasema. "Vingine nikiandika nitajidanganya." Alikuwa anaandika hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Nilimwona akitupa karata kwa saa mbili mfululizo. Ningependa msomaji alitafakari hilo, kwa sababu kulisema ni rahisi. Saa mbili ni migao 60. Mtu wa kawaida ikifika saa ya pili magarasa huanza kumpendeza: 7 na 4 za shupaza zinaanza kuonekana kama ndugu, malkia na 3 zinaanza kuonekana kama bahati iliyochelewa. Anaingia kwa sababu amechoka kutoingia. Mzee alikuwa anaziinua ncha kwa kidole gumba, anaziangalia kwa muda uleule kila mara, zikiwa nzuri au mbaya, kisha anazisukuma kwangu kwa mwendo uleule. Na macho yake hayakuwa kwenye karata zake tena. Yalikuwa kwa wale waliobaki. Mgao ambao hakuwamo ndio aliosomea. Nani huongeza dau haraka akiwa na kitu? Nani hupanga sarafu zake upya anapotaka kuzuga? Nani amepoteza kiasi ambacho sasa anakitafuta kwa hasira? Wakati wengine wametoa simu, yeye alikuwa kazini.

Usiku mmoja alipata ree mbili, na kijana wa kiti cha nane akapata wafalme wawili. Fedha zote ziliingia kabla ya karata ya wazi. Hapo ree hushinda kama mara 82 katika 100. Ikatoka ile mojawapo ya mara 18: mfalme wa uru akafunuliwa katika tatu za kwanza, fungu la zaidi ya dola 2,000 nikalisukumia kiti cha nane. Watu humsifu mchezaji wa namna hii kwa kusema hana moyo, hasikii maumivu. Mimi niliona vidole vyake. Vilitetemeka, akaviweka chini ya meza. Akaniuliza saa ngapi, akasimama, akatoka nje kuzunguka maegesho, akarudi baada ya dakika kumi. Akakaa migao mitatu, yote akatupa. Halafu akaomba sarafu zake zibadilishwe, akaandika mistari yake miwili, akaondoka. Ilikuwa mapema mno kwa kawaida yake. Alijipima, akaona kwamba usiku ule si mtu wa kukaa mezani, na akajiamini katika kipimo hicho kuliko hamu ya kurudisha kilichopotea. Sijaona kitendo kikubwa zaidi ya hicho katika miaka yangu yote pale, ingawa hakuna aliyekitambua.

Daftari lake nililielewa vizuri zaidi nilipojifunza hesabu ya mawimbi. Tuchukue mchezaji ambaye wastani wake ni dola 30 kwa saa, kwenye meza yenye dau la lazima la dola 2 na 5. Hilo ni pato la mtu anayejua kazi. Lakini matokeo ya saa moja hupanda na kushuka kwa kiasi cha dola 300 hivi kuzunguka wastani huo, mara kumi ya pato lenyewe. Baada ya saa 100, anatarajia dola 3,000, na mawimbi nayo yamefikia dola 3,000. Maana yake, kuna nafasi kama moja katika sita kwamba baada ya wiki tatu za kazi nzuri, bila kosa lolote, atakuwa amerudi nyumbani na hasara. Baada ya saa 400 nafasi hiyo inashuka hadi kama moja katika 40. Baada ya saa 1,000 inakuwa chini ya moja katika 1,000. Fundi seremala akiranda ubao vizuri leo, leo hiihii anaona umenyooka. Fundi wa poka anaweza kufanya kazi safi mwezi mzima na mwezi ukamwambia amekosea. Anaweza pia kucheza ovyo mwezi mzima na mwezi ukamsifu. Anapaswa kujihukumu kwa uamuzi alioufanya, siyo kwa karata iliyofunuliwa baadaye, na afanye hivyo huku kodi ya nyumba inadaiwa tarehe ileile kila mwezi. Ndiyo maana mtaji wa kuchezea huwekwa mbali na fedha ya chakula. Wale niliowaona wakizichanganya hawakudumu.

Mama yangu alinipigia simu mwaka wa kwanza.

"Mwanangu, huko unacheza kamari?"

"Hapana, mama. Nagawa tu."

"Anayegawa na anayecheza si wamekaa meza moja?"

Sikumjibu, na jibu sijalipata mpaka leo. Nimelelewa katika imani inayoharamisha kamari, na nimeona kwa nini. Poka haizalishi kitu. Fedha aliyoondoka nayo Mzee ilitoka mfukoni mwa mtu aliyekaa naye, na kasino ilikata sehemu yake katika kila fungu kabla mshindi hajaligusa. Kasino ikikata dola 4 tu kwa kila mgao, kwa migao 30, dola 120 zinaondoka mezani kila saa. Ili mmoja apate, wengine lazima wapoteze kile alichopata yeye na kile kilichokatwa. Wengi wa wanaojaribu kuishi kwa poka hawawezi. Nimewagawia watu waliokuwa wanacheza kodi ya nyumba, nikajua kwa jinsi walivyozishika sarafu, na mkono wangu ukaendelea kugawa. Hilo liko kwangu. Ninachokistahi kipo pamoja nalo, kwenye meza ileile kama alivyosema mama, na sioni njia ya haki ya kukisimulia kimoja na kuficha kingine.

Serikali ya Marekani yenyewe ilipata taabu kuamua hii ni kazi au siyo. Nevada iliruhusu kamari mwaka 1931. Lakini ilikuwa mwaka 1987 ndipo Mahakama ya Juu ya nchi, katika shauri la mtu aliyeitwa Groetzinger aliyekuwa akishinda kutwa kwenye mbio za mbwa, ilipotamka kwamba mtu anayecheza kamari kwa muda wake wote, kwa mfululizo na kwa nia ya kujikimu, yumo katika shughuli ya biashara mbele ya sheria ya kodi. Mzee alilipa kodi. Daftari lake lilikuwa la hilo pia.

Kabla ya kuwepo vyumba vyenye zulia kama vyetu, watu wa kazi hii walisafiri. Doyle Brunson, mtoto wa Texas aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu aliyetarajiwa makubwa mpaka shehena ya mbao za jasi ilipomwangukia kazini na kumvunja mguu. Alianza kucheza Fort Worth, kisha akazunguka miji ya kusini pamoja na Amarillo Slim na Sailor Roberts, watatu mfuko mmoja, wakicheza michezo iliyokatazwa na sheria katika vyumba vya nyuma ambako majambazi wenye bunduki waliweza kuingia wakati wowote. Wakaja Las Vegas pamoja wakapoteza akiba yote ya pamoja. Brunson alikuja kuwa bingwa wa mashindano makubwa kwenye kasino ya Benny Binion mwaka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili mgao wa mwisho alikuwa na 10 na 2, karata ambazo kwa kawaida zingetua chini ya kiganja cha mgawaji. Mpaka leo wachezaji huziita kwa jina lake. Lakini mimi namstahi zaidi kwa kitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwakusanya mafundi wenzake, kila mmoja aandike mchezo anaoujua zaidi, wakatoa hadharani siri walizokuwa wakilia mkate. Kuanzia hapo kazi hii ikawa inasomwa. Aliendelea kukaa mezani hadi uzeeni, na alifariki Mei 2023 akiwa na miaka 89.

Mmoja wa walioandika katika kitabu hicho ni Chip Reese. Alikuwa njiani kwenda kuendelea na masomo ya chuo kikuu, akapita Las Vegas, hakuondoka. Watu wa rika lake walisimulia kwamba ukimwangalia usoni usingejua kama ameshinda au ameshindwa, na kwamba alijua kila aina ya poka, siyo ya Texas pekee. Mwaka 2006 alishinda shindano la kiingilio cha dola 50,000 lililochanganya michezo mitano, baada ya kubaki yeye na mtu mmoja kwa zaidi ya saa saba. Wageni wengi waliokaa kwenye meza zangu walipenda zaidi kumzungumzia Stu Ungar, bingwa wa mashindano ya Binion mwaka 1980, 1981 na 1997, na sikatai kwamba kipaji chake kilikuwa cha ajabu. Lakini Ungar kila alichopata mezani alikipeleka kwenye farasi na dawa za kulevya, akafa mwaka 1998 katika chumba cha hoteli ya bei nafuu akiwa na miaka 45, karibu bila kitu. Kwangu Reese ni fundi mkubwa zaidi. Alijua kucheza, na alijua kurudi nyumbani.

Sasa niseme juu ya kuzuga, kwa kuwa ndiko watu wanakodhani ufundi wote umelala, na wanadhani ni suala la uso mkavu. Tuseme fungu lina dola 100, na baada ya karata ya mwisho mtu anaweka dau la dola 100. Mpinzani anatakiwa alipe 100 ili agombee 200. Akilipa mara tatu na kushinda mara moja, amerudisha fedha yake. Kwa hiyo mwenye kuweka dau akiwa na karata za kweli mara mbili na akazuga mara moja, mpinzani hana pa kukimbilia: alipe, ajitoe, yote sawa. Akizuga zaidi ya hapo, watamlipa mpaka aishe. Akizuga pungufu ya hapo, siku akiwa na dume hakuna atakayemlipa. Uongo wake ndio unaowafanya watu waulipie ukweli wake. Mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungary, aliliweka jambo hili katika hesabu, na poka imo ndani ya kitabu kikubwa alichotoa pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944. Kuzuga kuna kipimo, kama chumvi.

Taabu ni kwamba binadamu hawezi kuchagua kwa kubahatisha. Akizuga akashikwa, mara inayofuata anaogopa. Akifanikiwa, mara inayofuata anazidisha. Anaacha nyayo, na kuna mtu kama Mzee anazisoma. Dan Harrington, bingwa wa mashindano ya Binion mwaka 1995, alishauri katika maandishi yake mchezaji atumie mshale wa sekunde wa saa yake: ajipangie kabla, mshale ukiwa sehemu fulani atazuga, ukiwa kwingine ataacha, kisha aangalie. Kulikuwa na dada mmoja, mwenye asili ya Vietnam, aliyependa kiti cha sita, mkabala na mimi. Kila mara karata ya mwisho ilipofunuliwa alitupia macho saa yake ya mkononi. Kwa miezi nilidhani ana mtoto wa kumchukua shule. Siku niliposoma ushauri wa Harrington nilishusha kitabu nikakaa kimya, nikiwaza jinsi alivyoukabidhi mshale wa saa jambo ambalo moyo wake ungeliharibu.

Mashine ndiyo iliyoonyesha mwisho wa njia hiyo. Januari 2017, katika kasino moja ya Pittsburgh, programu iitwayo Libratus kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza na mafundi wanne, mmojammoja, kwa siku 20 na migao 120,000. Jioni wale wanne walikutana kulinganisha udhaifu waliouona. Usiku programu nayo ilitafuta matundu waliyokuwa wanayachokonoa, ikayaziba kabla ya asubuhi. Mwishowe wote wanne walikuwa nyuma, kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 1.7 za hesabu. Nilidhani habari ile ingewavunja moyo watu wa meza yangu. Mzee alikuwa amevuka miaka 60. Miezi michache baadaye nilimkuta wakati wa mapumziko amekaa pembeni na karatasi zenye majedwali ya rangi, matokeo ya programu za kukokotolea migao, miwani imeshuka puani, anajifunza upya mambo aliyoyafanya kwa miaka 20. Alinionyesha mstari mmoja. "Hapa nilikuwa nakosea tangu mwanzo," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Sitaki kumaliza bila kusimulia usiku wa malkia wawili, ingawa kosa lilikuwa langu.

Dada wa kiti cha sita aliongeza dau, Mzee wa kiti cha tatu akalipa, wengine wote wakatupa. Nikafunua malkia wa kopa, 9 ya kopa, 4 ya pao. Dada akaweka dau, Mzee akalipa. Nikafunua 2 ya uru. Dada akaweka dau kubwa zaidi, Mzee akalipa tena, bila haraka. Ya mwisho ikawa 7 ya kopa. Sasa kulikuwa na kopa tatu mezani, na yeyote mwenye kopa mbili mkononi amekamilisha tano. Dada akapisha. Mzee akahesabu dola 400, akazisogeza mbele. Katikati palikuwa na kama dola 400 nyingine.

Dada alifikiri kwa dakika mbili. Hakuangalia saa yake, kwa sababu safari hii swali halikuwa lake, lilikuwa la Mzee. Alimwangalia mikono. Kisha akazisukuma karata zake kwangu.

Sijui kilichonipata. Nilizivuta kwa pembe, ukingo ukakwama kwenye kitambaa, zote mbili zikageuka. Malkia wa shupaza na malkia wa pao. Alikuwa na malkia watatu, akawatupa. Meza nzima iliguna. Nikamwita msimamizi, nikaomba radhi, dada akatikisa kichwa kwamba si neno. Alikuwa mwekundu shingoni. Jambo alilolifanya faraghani lilikuwa limeanikwa.

Mzee aliwatazama wale malkia kwa muda mrefu. Angeweza kufunua zake. Kijana mmoja alimwomba, "Mwonyeshe basi." Mzee akagonga meza mara mbili kwa ncha za vidole, ishara ambayo wachezaji huitumia kumheshimu mwenzao, akanirudishia karata zake kifudifudi. Dada hakuuliza. Aliyekuwa na haki ya kujua ni aliyelipa dola 400, naye hakulipa.

Zilikuwa chini ya kiganja changu, karata mbili, bado zina joto la vidole vyake. Nikazichanganya na nyingine. Chumba chetu wakati ule kilikuwa bado kinachanga kwa mkono, nami nilifanya kama nilivyofundishwa: zote kifudifudi zizungushwe mezani kwa viganja viwili, zikusanywe, zichangwe mara mbili, zikatwe vipande vipande, zichangwe tena, zikatwe mara moja. Nikaanza kugawa kutoka kushoto kwa mwenye kibao. Dada wa kiti cha sita alipata mbili zake, akainua ncha kwa kidole gumba, akaziangalia, akazitupa.